Nungunungu na Mstari Uliochechemea

Paukwa!

Pakawa!

Mlioketi nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Kaja mwenye miiba mgongoni, kaleta mkia wenye kulia. Aliyekuja kucheka na acheke, aliyekuja kusinzia na asogee ukutani.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wakiamkiana kwa heshima, palikuwa na mto ulioitwa Kwambe. Kwambe ulikuwa mto wa mchanga. Masika uliteremka kutoka milimani kwa kishindo. Kiangazi ulikauka, ukabaki mchanga mweupe, mpana, wenye kuunguza kwato. Lakini chini ya mchanga maji yalikuwapo. Bibi Tembo alishuka mtoni, akachimba kwa miguu, akachota kwa mkonga. Chimba, chota. Chimba, chota. Maji yakachungulia. Akachimba Kisima cha Juu, akachimba Kisima cha Kati, akachimba Kisima cha Chini. Wanyama wa bonde zima wakanywa humo.

Ulikuwapo mwezi mmoja katika mwaka uliokuwa mkavu kuliko miezi yote. Majani hakuna. Kivuli hakuna. Maji ya kisimani kidogo, tena yanakuja polepole. Mwezi huo, zamani, wanyama walichomana pembe na kung'atana kwa ajili ya funda moja. Wakafa wengi, na wala si kwa kiu. Ndipo wahenga wao walipokutana, wakakata shauri: "Mwezi huu uwe Mwezi wa Tungo. Mwezi huu hapigani mtu kisimani. Mwenye neno alitunge shairi. Mwenye hasira aitunge shairi. Hata mwenye kuomba radhi, na atunge. Maneno makavu yabaki nyumbani."

Ikawa hivyo. Na mtindo wenyewe ulikuwa huu. Jioni wanyama hukusanyika, kila kundi kwenye kisima chake. Kwenye Kisima cha Juu mtungaji husimama, husema shairi lake. Likikubaliwa, mtungaji hunywa kwanza, na mstari wake wa mwisho, kile kibwagizo, huachiwa ushuke bondeni. Wa Juu hukiimba pamoja. Wa Kati wakikisikia, hukipokea, hukiimba. Wa Chini wakikisikia, hukipokea, hukiimba. Bonde lote huwa sauti moja. Kisha wa Chini wakipenda hujibu, na jibu hupanda vivyo hivyo, Chini hadi Kati, Kati hadi Juu. Na kibwagizo kilichoachiwa ni lazima kipokelewe. Hapana hiari.

Sasa, nani aliyekubali au kukataa shairi? Hapo ndipo anapoingia Nungunungu.

Nungunungu alikuwa mpima mizani. Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake. Mkia wake ulikuwa na miiba mifupi yenye uwazi ndani, ikigongana hulia kama njuga. Mtungaji akitamka silabi, Nungunungu hutikisa mkia: cha! Akitamka nyingine: cha! Mizani nane upande huu wa mstari, mizani nane upande ule. Ikitimia, hutikisa mkia mara tatu kwa nguvu, CHA-CHA-CHA, na kibwagizo huachiwa. Ikipungua au ikizidi, mkia hunyamaza. Nungunungu hufumba macho kama mwenye kuumwa jino, husema neno moja tu: "Guni."

Shairi guni ni shairi lisilotimia. Nungunungu katika maisha yake yote hakuwahi kupitisha guni. Hakumpitishia Nyati, pamoja na ukali wake. Hakumpitishia Bibi Tembo mwenyewe, mwenye visima. Wanyama walimnung'unikia, wakambandika jina, wakamwita Mzee Mizani. Lakini walimwamini. Kibwagizo kikiteremka bondeni, aliyekipokea alijua kwamba kimepimwa.

Nungunungu alikuwa na mke, jina lake Mama Sindano. Sindano ni mtoto wao wa kwanza. Na mwaka huo walikuwa na mapacha wachanga, ambao miiba yao ilikuwa bado laini kama nyasi za asubuhi. Shimo lao lilikuwa Chini, kwenye ukingo wa mto, chini kabisa karibu na mchanga, maana huko kulikuwa na ubaridi na watoto walilala vizuri.

Jioni moja ya mwezi huo Nungunungu alijiandaa kwenda Kisima cha Juu. Mtoto mmoja akalia. Nungunungu bila kujua akatikisa mkia: cha, cha, cha.

"Baba Sindano!" Mkewe akacheka. "Hata kilio cha mtoto unakipima?"

"Kilikuwa saba," akasema Nungunungu. "Kilikatika."

"Ndiyo maana analia tena, akitimize." Mama Sindano akamgeuza mtoto ubavu. "Siku ya posa ulinifanyia hivyo hivyo. Uliniletea shairi, nami nikakujibu kwa shairi, moyo unanidunda. Ukasema?"

Nungunungu akakuna pua. "Nilisema limepungua mizani moja."

"Ukanirudishia nilitengeneze! Mama yangu alitaka kukuchoma kwa miiba yake."

"Lakini ulilitengeneza."

"Nililitengeneza. Nikajua mume niliyempata." Akatabasamu. "Nenda, baba. Sisi hatutoki leo, watoto wamechoka na jua. Tutasikiliza vibwagizo humu humu ndani."

Nungunungu akaenda. Chaka, chaka, chaka, akipandisha ukingo taratibu, maana nungunungu si mkimbiaji, na njia ya kutoka Chini hadi Juu humlia muda mrefu.

Alipofika, wanyama walikuwa wamekwisha kusanyika. Bibi Tembo alikuwa amesimama kando ya kisima. Digidigi na Swala walikuwa mbele. Fisi naye alikuwa mbele, ubavu kwa ubavu na Swala, kwa sababu ya mwezi. Nungunungu akafanya alichofanya kila jioni: akang'oa mwiba mmoja mgongoni, akauchomeka kwenye ukuta wa kisima, pale maji yalipoishia. Kesho yake hutazama maji yamepungua kiasi gani. Hesabu ilikuwa ugonjwa wake.

Akafungua jioni kwa mstari wa wahenga:

"Maji tunywe kwa amani, pembe na meno pembeni!"

Wa Juu wakaimba. Wa Kati wakapokea. Wa Chini wakapokea. Sauti ikafifia huko bondeni.

Fisi akajitokeza, akajikohoza.

"Mimi Fisi nina njaa, mfupa nauwazia,
Tumbo langu lashangaa, usiku lanililia,
Ukiniona nakaa, jua nimevumilia,
Swala pita ukicheka, mwezi haujaishia!"

Wanyama wakaangua kicheko. Swala hakucheka sana. Akasogea hatua kidogo. Mkia wa Nungunungu ulikuwa umefuata silabi zote, moja baada ya moja, bila kukwama.

"Limetimia," akasema. CHA-CHA-CHA!

Kibwagizo kikaachiwa. "Swala pita ukicheka, mwezi haujaishia!" Kikashuka bondeni, na kicheko kikapanda kuja kuwajibu. Fisi akainama kunywa, akainuka na midomo inachuruzika.

"Ajabu," akasema, "leo sikupiga magoti."

"Kwa tungo!" wakamkemea wote.

"Haya, haya. Nimenyamaza."

Mara wakasikia angani: Kwaa! Kwaa-ra-ra! Kwaa! Kwaa-ra-ra!

Alikuwa Kwarara, yule ndege wa mdomo mrefu na sauti ya kupasua masikio. Alikuwa anatoka upande wa milimani. Akatua vibaya, akayumba, akapanua mabawa kwenye mchanga, akihema.

"Maji!" akasema. "Nimeyaona! Huko juu mvua imemwagika, siyo mvua hii ya..."

"Kwa tungo!" wakasema wote.

"Jamani, nawaambia mto..."

"Kwa tungo! Kwa tungo!"

Hapa, wasikilizaji, inabidi mjue jambo moja. Kwarara hakuwahi kunywa kwanza. Kila mwaka alikuja na shairi, na kila mwaka lilikuwa guni. Alikuwa na haraka ya kusema, maneno yalimtoka kabla hayajajipanga. Tena kila alfajiri alipiga kelele juu ya vichwa vya watu waliolala, kwa jambo na bila jambo. Kwa hiyo walipomwona jioni ile ametua katikati ya zamu ya wengine, walijua amekuja na yale yale. Hata Nungunungu alijua hivyo. Akatazama juu: mbingu nyeupe, hakuna wingu hata la kufunika jicho. Akahesabu kichwani: masika bado mbali. Akatulia.

"Bi Kwarara," akasema kwa upole, "unazijua taratibu. Una neno, litunge."

Kwarara akamtazama kwa jicho ambalo lingekuwa na meno lingemng'ata. Akavuta pumzi. Akatunga palepale, mstari mmoja tu:

"Maji yashuka milima, mto waja, hameni!"

Mkia wa Nungunungu ukafuata. Cha-cha-cha-cha, cha-cha-cha-cha. Upande wa kwanza ukatimia. Cha-cha-cha-cha, cha-cha-cha... Mkia ukabaki umeinuliwa, unangoja. Silabi haikuja.

Nungunungu akafumba macho. "Guni."

"Mzee Nungunungu!" Kwarara akapiga kelele. "Nakwambia maji yanakuja, wewe unaniambia guni?"

"Upande wa pili una saba."

"Na watoto wako wangapi?"

Neno lile halikuwa la tungo. Nungunungu akalisikia likimgusa mahali fulani chini ya miiba, lakini desturi ya miaka mingi ni kama kilima, haihami kwa msukumo mmoja.

"Usikasirike," akasema. "Mstari wenyewe si mbaya. Una picha. Sema 'ondokeni' mahali pa 'hameni', utaona." Akaujaribu kwa mkia: "Mto waja, on-do-ke-ni. Cha-cha-cha-cha, cha-cha-cha-cha. Umetimia! Bi Kwarara, hongera. Leo umepita."

CHA-CHA-CHA! Na kabla Kwarara hajafumbua mdomo, kibwagizo kikaachiwa.

"Maji yashuka milima, mto waja, ondokeni!"

Wa Juu wakaimba. Waliimba vizuri, maana mstari ulikuwa umenyooka. Wa Kati wakapokea, wakaupamba kwa makofi ya kwato. Wa Chini wakapokea, wakaurefusha mwishoni, ondokeee-ni. Nungunungu alisikiliza shingo upande, kama baba anayesikiliza mwana akisoma. Kisha jibu likaanza kupanda. Chini hadi Kati. Kati hadi Juu. Likafika:

"Shairi lako ni tamu, limetufika rohoni!"

Na nyuma ya jibu kicheko, na nyuma ya kicheko vifijo: "Rudia! Rudia!"

"Unaona?" akasema Nungunungu. "Wamelipenda."

"Wamelipenda!" Kwarara akapiga mchanga kwa bawa. "Wamelipenda, Mzee Mizani! Na nani ameondoka?"

Nungunungu akafungua mdomo ajibu. Akageuza uso, kama afanyavyo mtu anayetafuta neno, na macho yake yakaangukia kisimani. Akatazama mahali alipochomeka mwiba.

Mwiba haukuwapo.

Akasogea. Akachungulia. Mwiba ulikuwapo, lakini chini. Maji yalikuwa yameupanda, yameumeza, yamekuwa mazito, rangi ya udongo mwekundu. Na udongo wa pale ulikuwa mweupe. Udongo mwekundu ulikuwa wa milimani.

Ndipo Nungunungu alipokumbuka maneno ya Fisi: leo sikupiga magoti.

Miiba yake yote ikasimama. Shaaa!

"Bibi Tembo!" akasema, na wala hakukumbuka tungo. "Ni kweli! Maji yanakuja chini ya mchanga, na mengine yatafuata juu yake. Watoeni watu mtoni!"

Bibi Tembo hakuuliza mara mbili. Aliinua mkonga. Prruuuuu! Digidigi akaruka ukingoni, Swala akaruka akateleza, Fisi akampa mgongo akanyage ili apande, kisha Fisi naye akaruka. Kisima cha Juu kikabaki kitupu. Lakini Nungunungu alibaki ukingoni akitazama bondeni. Kati walikuwa wakiimba. Chini walikuwa wakiimba. Na chini kabisa, kwenye shimo lenye ubaridi mwanana, Mama Sindano alikuwa amelala na mapacha, akisikiliza vibwagizo.

"Hatariii!" akapaza sauti. "Tokeni mtonii!"

Kati wakasikia sauti bila mpangilio. Wakajibu kwa furaha, kama walivyofundishwa tangu utotoni: "Kwa tungo! Kwa tungo!"

"Tokeniii!"

"Kwa tungo! Kwa tungo!"

Wala hawakuipeleka mbele. Maneno makavu hayakupokelewa, kwa hiyo hayakushuka.

"Nitaruka niwaambie mimi," akasema Kwarara, akijaribu kuinua bawa. Bawa lilikuwa linatetemeka kwa uchovu.

"Utawaambia nini, dada?" akasema Fisi. "Wewe unapiga kelele kila alfajiri. Watajifunika masikio."

"Nikimbie?" akauliza Swala.

Bibi Tembo akatega masikio yake mapana kuelekea milimani. "Hutawahi," akasema. "Naisikia tayari."

Mbali, mbali sana, ukatoka mngurumo. Vuuuuu.

Nungunungu akawaza upesi, na akawaza kama mpima, maana hakujua kuwaza kwa namna nyingine. Nikipiga kelele, hawapokei. Nikituma mstari uliotimia, wanapokea, wanaupenda, wanapiga makofi. Kila mstari niliopata kuwatumia ulitimia, nao wamezoea kusikia uzuri. Ni nini ambacho hawajapata kukisikia kutoka kwangu?

Akajua. Na alipojua, akamgeukia Kwarara.

"Bi Kwarara," akasema, "wako ulikuwaje? Wa kwanza."

"Uliuita guni."

"Useme."

"Maji yashuka milima, mto waja, hameni."

Nungunungu akasimama kwa miguu ya nyuma. Akainua mkia. Katika maisha yake yote, na ya baba yake, mstari guni haukuwahi kuachiwa. CHA-CHA-CHA!

"Maji yashuka milima, mto waja, hameni!" akaimba, na pale palipopungua silabi hakujaza kitu. Aliacha shimo.

"Imbeni!" akawaambia wenziwe. "Hivyo hivyo! Msiujaze!"

Wa Juu wakaimba. Mstari ukachechemea. Ulikuwa kama ngazi iliyokosa kipandio: mguu unashuka, unakuta hewa. Ukafika Kati.

Kati wakanyamaza.

Nungunungu akahesabu moyo wake unavyopiga. Kisha akasikia wa Kati wakiupokea, maana kilichoachiwa hupokelewa. Safari hii hapakuwa na makofi. Sauti zao zilikuwa nyembamba, zenye kuuliza. Na baada ya sauti kukafuata kishindo cha kwato, kwato nyingi, zikipanda ukingo.

"Wametoka!" akasema Swala. "Kati wametoka!"

"Na wameupeleka Chini?" akauliza Nungunungu. "Mmesikia wameupeleka?"

Hakuna aliyeweza kujibu. Mngurumo ulikuwa umekwisha kuwa mkubwa. Vuuuuuuu! Mto ukatokea kwenye kona. Haukuja kama maji. Ulikuja kama ukuta wa matope, umebeba magogo, umebeba miti mizima na mizizi yake, povu jekundu mbele. Ukapita juu ya Kisima cha Juu kana kwamba hakikuwahi kuchimbwa. Ukapita. Ukashuka Kati. Ukashuka Chini.

Nungunungu akaanza kwenda. Chaka, chaka, chaka, juu ya ukingo, kuelekea nyumbani. Alikuwa mwepesi kama nungunungu, yaani hakuwa mwepesi hata kidogo. Bibi Tembo akatembea kando yake kimya. Kwarara akaja akirukaruka kwa miguu. Fisi akafuata nyuma, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha.

Jua likazama. Kelele za mto zikaanza kupungua: kutoka ngurumo zikawa mvumo, kutoka mvumo zikawa mnong'ono mzito. Nungunungu akasimama, akatega sikio. Kitambo chote kile hakukuja jibu. Akaanza tena kwenda. Akasimama tena.

Ndipo, kutoka mbali, sauti ikapanda. Ilitoka Chini, ikapokelewa Kati, ukingoni, na Nyumbu waliolowa matope hadi magotini. Wakaiimba kama ilivyokuja, bila kuongeza kitu:

"Sindano na ndugu zake, tuko juu, njoo!"

Mkia wa Nungunungu, kwa mazoea, ukawa umefuata. Cha-cha-cha-cha, cha-cha-cha-cha. Cha-cha-cha-cha, cha-cha... Ukabaki umeinuliwa.

"Sita," akasema, sauti inakatika. "Upande wa pili una sita. Umepungua mbili."

Bibi Tembo akainamisha kichwa chake kikubwa. "Utaurudisha?"

"Nani? Mimi?" Nungunungu akakaa chini palepale, akacheka, akalia, akacheka. "Upite! Upite hivyo hivyo! Bibi, sijapata kusikia mstari uliotimia kama huo!"

Na akatikisa mkia. Si mara tatu. Alitikisa mpaka miiba miwili ikadondoka.

Alimkuta mkewe juu ya kichuguu kirefu, mbali na ukingo, mapacha wakiwa tumboni pake na Sindano akiwazunguka kama mlinzi. Shimo lao halikuonekana tena, wala ukingo uliolibeba. Nungunungu akawanusa watoto, mmoja mmoja, kisha akarudia. Mmoja akalia. Hakumpima.

"Ulijuaje?" akamuuliza mkewe. "Mstari wa kwanza mliusikia, mkapiga vifijo."

"Wa kwanza nilisikia tungo," akasema Mama Sindano. "Nikasema, leo Kwarara kapata, maskini, na mimi nikageuka upande wa pili nilale. Wa pili ukaja unachechemea. Nikakaa. Nikasema, huu umetoka kwa mume wangu? Mimi hukunipitishia guni siku ya posa, na ulikuwa unanitaka. Atapita nani leo? Nikasema kuna jambo. Nikawabeba watoto kwa meno, mmoja huku, mmoja huku, nikamsukuma Sindano kwa kichwa. Tulipofika hapa juu, nyumba ikaondoka."

"Na wengine wa Chini?"

"Waliniona nakimbia. Mke wa Mzee Mizani akikimbia, unabaki unafanya nini?"

Asubuhi wanyama wote wa bonde wakahesabiana. Juu walitimia. Kati walitimia. Chini walitimia, ila Kobe mmoja aliyedhaniwa amepotea, akaonekana adhuhuri anakuja taratibu, anauliza kwa nini watu wamekusanyika. Wakamcheka mpaka mbavu zikawauma, na kicheko kile kilikuwa kitamu kuliko maji.

Maji nayo yalikuwa mengi. Hapakuwa na haja ya zamu, wala ya kunywa kwanza. Wanyama wengine wakasema mwezi umekwisha, kila mtu arudie hali yake. Fisi akamtazama Swala, akakumbuka alivyomkanyaga mgongoni, akakuna kichwa. "Mwezi ni mwezi," akasema. "Tumalize." Wakaumaliza kwa mashairi hadi siku ya mwisho, matumbo yamejaa maji, na wa Juu, wa Kati na wa Chini wakawa wanaimba ukingoni.

Tangu mwaka ule wakaongeza desturi moja. Siku ya kwanza ya Mwezi wa Tungo, kabla ya mstari wa wahenga, huachiwa mstari mmoja guni. Ukishuka, hapigi mtu kofi. Kila anayeupokea hunyamaza, hugeuka, hutazama milimani. Kisha ndipo hucheka na sherehe huanza. Na heshima ya kuutunga mstari huo alipewa Kwarara.

Kwarara aliipenda heshima ile. Akajitayarisha mwaka mzima. Siku ilipofika akaja na manyoya yamechanwa, akasimama mbele ya bonde, akatoa mstari. Mkia wa Nungunungu ukafuata, silabi kwa silabi, hadi mwisho.

Nungunungu akafumba macho kama mwenye kuumwa jino.

"Bi Kwarara."

"Naam, Mzee."

"Umetimia."

"Eeh! Nimekesha nao!"

"Rudi ukaupunguze."

Basi, wakubwa kwa wadogo, mafunzo ya ngano hii ni haya. Kipimo ni kitu chema, na anayekishika kwa uaminifu siku zote neno lake huaminiwa. Lakini kipimo kiliwekwa kwa ajili ya walio hai. Anayepima na ajue siku ya kukiweka kando, na anayesikiliza na asiupende uzuri wa neno hata akasahau kuuliza linasema nini.

Hadithi yangu imefika ukingoni, nami nateremka nayo hapa. Aliyeihesabu akaiona imepungua, na aitimize kwa watoto wake.